Udhuru wa Msomaji

Mzee mmoja wa mtaa wetu wa Biryogo, Kigali, hafidhi wa Kurani, ambaye tangu nimfahamu sijamwona akishika maandishi mengine ila Msahafu na daftari la madeni ya duka lake, aliniuliza baada ya sala ya Alasiri suali ambalo nadhani alikuwa amelitunza kwa muda mrefu: "Maalim, hivi vitabu vyote ulivyosoma, Siku ya Hisabu utaulizwa kimoja kimoja, au utaulizwa kwa jumla?" Waliokuwa barazani walicheka, nami nikacheka pamoja nao, kwani Mzee ni mtu wa mizaha, lakini suali lenyewe si la mzaha, na kwa kuwa sikuwa na jawabu la kumpa pale pale, nimeona nilifuatie hapa kwa utuvu, nikilichukulia kuwa ni suali la dini kwanza na la falsafa baadaye. Je, mapenzi ya kusoma vitabu vya kila namna, mapenzi yanayomshika mtu utotoni yasimwachie mpaka uzeeni, yana thamani yoyote mbele ya Mungu, au ni tamaa kama tamaa nyingine za nafsi, iliyojivika joho la ulama?

Kabati langu halina nidhamu, nami sioni haya kulisema. Tafsiri ya Sheikh Abdalla Saleh al-Farsy iko rafu ya juu kwa adabu. Chini yake Imamu Ghazali anaegemeana na Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla asiyetengana na kiko chake. Shaaban Robert yuko karibu na Rosa Mistika ya Kezilahabi, riwaya ambayo zamani ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Na rafu ya chini kabisa imejaa vitabu vya Kifaransa, vya Scholastique Mukasonga na vya Padri Alexis Kagame, ambavyo wageni wangu huvitazama kwa mshangao, wakiona kwamba mtu wa msikitini ameweka mapadri nyumbani.

Mchanganyiko huu una sababu yake katika historia ya mji. Kigali ulianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, tabibu wa Kijerumani aliyekuja nchi hizi kuitafuta chemchemi ya Nili, na katika utawala wa Wajerumani walikuja askari na wafanyabiashara wa pwani waliokitia Kiswahili katika mitaa ya Nyamirambo, wakaujenga msikiti wa Al-Fatah mwaka 1913. Ila shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazee wetu wengi waliogopa kuwapeleka watoto mahali ambapo daftari na ubatizo vilikwenda pamoja. Basi elimu ya akhera tuliipata chuoni, tukiwa juu ya mkeka, na vitabu vya dunia vilitujia kwa malori kutoka Dar es Salaam kupitia Rusumo, vimefungwa pamoja na vitenge na sabuni, bila mpango wa mwalimu yeyote. Ukisoma ulichokipata, si ulichokitaka. Na nadhani mapenzi yangu yalijifunza kutochagua kwa kuwa hayakupewa nafasi ya kuchagua. Serikali ilipokiingiza Kiswahili katika lugha rasmi za nchi mwaka 2017, baadhi yetu tulitabasamu, tukikumbuka jinsi lugha hiyo ilivyokuwa ikihesabiwa kuwa ni maneno ya madereva na wachuuzi.

Sasa, mtu wa vitabu akiulizwa faida ya mapenzi yake, jawabu analolikimbilia aghalabu ni kwamba kusoma humlainisha mtu moyo, humfungua macho, humfanya awaonee wenziwe huruma. Jawabu hili ni zuri, na katika miji mingine huenda likapita bila kupingwa. Katika Kigali halipiti. Ferdinand Nahimana alikuwa mwanahistoria, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Taifa, aliyepata udaktari wake Paris mwaka 1986. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa RTLM, redio iliyoanza kutangaza Julai 1993, na tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani kwa uchochezi wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, pamoja na mwanasheria Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze, mhariri wa Kangura. Léon Mugesera, aliyetoa hotuba ya uchochezi huko Kabaya mwezi Novemba 1992, alikuwa daktari wa elimu ya lugha. Na Kangura lenyewe lilikuwa gazeti: lilihitaji wasomaji, na wasomaji lilikuwa nao. Watu hawa hawakupungukiwa na vitabu. Walisoma kuliko mimi, na pengine walivipenda vitabu kama ninavyovipenda mimi.

Yule mzee wangu, kwa upande wake, mwaka 1994 alikuwa na watu darini mwa nyumba yake. Hajapata kunisimulia hayo. Nimeyasikia kwa waliofichwa. Mtu aliyesoma kitabu kimoja alijua la kufanya, na madaktari wa elimu walijua la kutangaza. Nisije nikaligeuza jambo hili kuwa fahari ya madhehebu, kwani ingawa wengi wameandika juu ya Waislamu wa mitaa yetu waliowahifadhi majirani zao, Ngeze naye alikuwa Muislamu, na si yeye peke yake. Ninachosema ni kwamba baina ya wingi wa vitabu na wema wa mtu hakuna njia iliyonyooka, na anayedai kuwa ipo na aje aidai huku.

Hata watunzi wenyewe wanalijua hili. Katika Petit Pays, riwaya ya Gaël Faye iliyotoka mwaka 2016, mtoto Gabriel, akiwa Bujumbura vita vinapokaribia, anaazimwa vitabu na jirani yake Mgiriki, Bibi Economopoulos, akaingia katika kurasa kama aingiaye ngomeni, huku wenziwe wa uchochoroni wakitafuta silaha. Msomaji hutaraji kwamba vitabu vitamwokoa. Havimwokoi: mwishoni wenziwe wanamtia kiberiti mkononi, na ni yeye anayekirusha juu ya gari lililomwagiwa petroli, na ndani mna mtu. Namsifu mtunzi kwa kutoturehemu hapo.

Basi jawabu la kulainika moyo tuliweke kando, tumsikilize Imamu Ghazali, kwani yeye alisoma mambo mengi mno na akatishika na usomaji wake. Wanaosimulia maisha yake husema kwamba katika ujana wake, akirejea Tus kutoka Jurjan, alivamiwa na wanyang'anyi wakamchukulia mkoba uliokuwa na maandishi aliyoyanukuu kwa walimu wake. Akamfuata mkuu wao akimsihi amrudishie karatasi zile, zisizo na thamani kwa mwizi, maana ndani yake mlikuwa na elimu aliyosafiri kuitafuta. Mkuu wa wanyang'anyi akacheka, akamuuliza vipi anadai kuijua elimu ambayo mtu akimnyang'anya karatasi anabaki hana kitu; kisha akaamuru mkoba urudishwe. Ghazali alikaa miaka mitatu akiyahifadhi yote yaliyomo, asije akanyang'anywa tena. Nimelisikia simulizi hili likitolewa kuwa sifa ya kuhifadhi kwa moyo. Mimi husimama kwa yule mnyang'anyi, msomi wa ajabu asiyetajwa jina, aliyeuliza katika njia ya jangwani suali lile lile aliloniuliza Mzee barazani.

Baadaye Ghazali, akiwa mwalimu wa Nizamiyya ya Baghdad mwenye wanafunzi mia tatu, alizitumia saa zake za faragha, kwa muda usiotimia miaka miwili, kuvisoma vitabu vya wanafalsafa bila mwalimu. Alitaka kuwapinga, lakini alishikilia kwamba haifai kuipinga rai ya watu kabla ya kuifahamu kama wanavyoifahamu wenyewe, hata ukawa sawa na aliye hodari wao. Akatunga kwanza kitabu cha kueleza makusudio yao, akakieleza kwa uaminifu mkubwa hata kilipofasiriwa kwa Kilatini wanazuoni wa Ulaya wakamdhania kuwa ni mmoja wa wanafalsafa hao, mfuasi wa Ibn Sina. Ndipo tena akaandika kile cha kuwabomoa. Sijui katika historia ya usomaji ushahidi wa insafu unaoupita huu: kumsoma hasimu wako hata watu wakudhanie kuwa wewe ndiye yeye.

Lakini Imamu huyu huyu alisema watu wa kawaida wazuiwe na vitabu hivyo, kama mtu asiyejua kuogelea anavyozuiwa asikaribie ukingo wa mto unaoteleza. Hapa natofautiana naye, kwa heshima yote aipasayo. Katika nchi yetu walioteleza mtoni walikuwa waogeleaji, wakawavuta na waliokuwa wamekaa kitako ukingoni.

Hasimu wangu mimi, kama nathubutu kuliazima neno, alikuwa padri. Alexis Kagame alizaliwa mwaka 1912, akapata upadri mwaka 1941, akawa mhariri wa gazeti la Kinyamateka, na mwaka 1952, kalamu yake ilipoonekana iko karibu mno na kasri la Mwami, akahamishiwa Roma, ambako aliandika tasnifu iliyochapishwa mwaka 1956 juu ya falsafa ya Wabantu wa Rwanda. Alikuwa na hazina mbili ambazo hakuna mtu kabla yake aliyekuwa nazo pamoja: upande mmoja Aristotle, aliyefundishwa seminarini kwa Kilatini, upande wa pili siri za abiru, wale watunzaji wa kanuni za ufalme waliozihifadhi vichwani kizazi baada ya kizazi, ambazo yeye, kwa idhini ya Mwami Mutara III Rudahigwa, aliziandika zilipokuwa karibu kupotea. Akaichukua orodha ya Aristotle ya namna za kuwepo akaipima kwa Kinyarwanda, akakuta namna nne: umuntu, ambacho ni kilichopo chenye akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, na ukuntu, jinsi mambo yalivyo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo, anajiona mwenyewe.

Jambo lililonishika ni kwamba katika makundi hayo manne Kagame hakumweka Mungu. Imana, asema, hayumo katika orodha ya vilivyopo. Yeye yu nje yake. Nilipofika pale mara ya kwanza niliweka kitabu chini, kwa kuwa nilikuwa nimeifundisha tanzihi chuoni miaka mingi, yaani kumtakasa Mwenyezi Mungu na kufanana na viumbe vyake, na sikupata kuisoma ikielezwa kwa njia nyepesi kuliko ile aliyoieleza padri huyu kwa sarufi ya majirani zangu. Najua kwamba Paulin Hountondji wa Benin, katika kitabu chake cha mwaka 1976, aliwashutumu Kagame na wenziwe kwa kuichukua lugha ya watu wote na kuiita falsafa, ilhali falsafa ni hoja ya mtu mmoja mmoja anayekubali kupingwa. Shutuma hiyo ina nguvu, na nadhani kwa sehemu kubwa Hountondji ameshinda. Lakini ukurasa ule juu ya Imana haukudhurika.

Padri huyu huyu, niongeze, mwaka 1949 alitoa Indyohesha-birayi, utenzi mzima wa kichekesho juu ya nguruwe na walafi wa nyama yake, aliousuka kwa ufundi ule ule wa mashairi ya kuwasifu wafalme. Nimeusoma wote. Sijapata kumwambia Mzee.

Basi vitabu hivi vimenifanya nini, maadamu nimekwisha kukiri kwamba havikunifanya mwema? Naona vimeniondolea udhuru. Mafakihi wamejadiliana sana kama mtu asiyejua anasamehewa, na mfano wao mashuhuri ni wa aliyesilimu karibuni, au aliyekulia jangwani mbali na wanazuoni: huyo akikosea kwa kutojua, ana udhuru. Aliyekulia mjini, palipo na wa kumuuliza, hana. Na yako mapokeo aliyoyapokea Tirmidhi kwamba mja atasimamishwa Siku ya Kiyama hata aulizwe mambo kadha, na moja katika hayo ni elimu yake, aliifanyia nini. Haulizwi alikuwa na kiasi gani. Nikiyaweka pamoja haya mawili, naona kwamba kila kitabu ambamo mtu mwingine amesema kwa sauti yake mwenyewe hunipokonya "sikujua" moja.

Mfano wake uko karibu. Nyamata si mbali na Kigali, na kwa miaka mingi nilipita pale nikienda zangu, nikiuona kuwa ni mji wa joto na vumbi. Kisha nikasoma Inyenzi cha Mukasonga, kilichotoka mwaka 2006, kinachosimulia jinsi aila yake, pamoja na Watutsi wengine, ilivyohamishiwa Bugesera kwa nguvu mwaka 1960, na jinsi mwaka 1994 jamaa zake thelathini na saba walivyouawa. Tangu hapo siwezi kupita Nyamata kama mtu anayepita tu. Vivyo hivyo Rosa Mistika: baba anayemchunga binti yake kwa fimbo akadhani amemlinda, akikwisha kumsoma Zakaria, baba yake Rosa, na mwisho wa Rosa, hana tena haki ya kusema hakujua ukali unafikisha wapi. Anaweza kuendelea na fimbo yake. Ataendelea akijua.

Kwa hiyo wale madaktari wa elimu sikubali kuwahesabu kuwa ni hoja ya kuvishinda vitabu. Vitabu vilifanya kwao kazi yake yote: viliwaacha bila udhuru hata mmoja. Mkulima wa mlimani aliyesikia redio tu, hakimu wa dunia alipima alichokijua, na Hakimu wa mahakimu atakipima pia. Nahimana alikuwa amezipitia nyaraka, alijua jinsi makabila yalivyoandikwa katika vitambulisho zama za Wabelgiji, alijua lipi katika historia limethibiti na lipi ni dhana. Vitabu havimzuii mtu asitende. Vinamzuia asijitetee.

Nilipomweleza Mzee rai hii, alifikiri kidogo akasema, "Basi mwanangu, heri asiyesoma. Hisabu yake nyepesi." Ndilo pingamizi kubwa, na nimeligeuza upande huu na ule. Jawabu langu ni kwamba fakihi hamsamehi aliyekaa mjini akaziba masikio. Kigali si jangwa. Kule Kacyiru lipo Isomero, yaani maktaba ya umma, lililofunguliwa mwaka 2012, baada ya jitihada zilizoanzishwa na Rotary ya Kigali-Virunga, na mlango wake hauulizi mtu dini wala kabila. Mwenye macho na nauli ya basi akikataa kuingia, kutojua kwake kumekuwa ni kitendo. Na Mzee mwenyewe si asiyesoma. Amekisoma kitabu kimoja kwa miaka sitini, akikirudia mwanzo kila akimalizapo, na siku ilipofika hakutafuta ndani yake aya ya kumtoa jukumuni. Mimi nimekuwa msomaji wa mamia, na sijui kama ningepanda ngazi kuwafungulia watu dari.

Umebaki upuzi. Maana nusu ya niliyoyasoma maishani, na labda zaidi, sikuyasoma kwa ajili ya akhera wala ya insafu, bali kwa utamu. Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi ya Bwana Msa, nimeusoma mara nyingi kuliko kitabu chochote cha fikihi, nami namjua muuaji. Hapa najikinga kwa al-Jahiz wa Basra, yule aliyekuwa akikodi maduka ya wauza vitabu alale humo usiku asome, ambaye alishikilia kwamba uzito uchanganywe na mzaha ili nafsi isichoke. Na kama kinga hiyo haitoshi, basi hisabu ya Bwana Msa nitaitoa mwenyewe, na nadhani haitakuwa ndefu.

Kimoja nilikiogopa. Mwaka 1993 Nahimana alitoa kitabu chake juu ya kuchipuka kwa dola ya Rwanda, na mimi, niliyemsifu Ghazali kwa kumsoma hasimu wake, kwa miaka mingi sikutaka kukigusa. Sasa nakisoma, kidogo kidogo jioni, kalamu ya risasi mkononi. Nilitaraji kukuta makelele. Nimekuta tanbihi, marejeo, na subira ya mtu aliyekaa na wazee wa kaskazini akawasikiliza. Kagame alikuwa ameiandika nchi hii akiitazama kutoka kasrini, na wanahistoria waliomfuata walikuwa na haki ya kuuliza juu ya falme ndogo ambazo kasri lilizimeza; mahali pawili patatu, pembeni ya ukurasa, nimeandika kwamba hapa Nahimana ana hoja. Sikupenda kuandika hivyo. Nimefika karibu na nusu ya kitabu, na bado natafuta ni ukurasa gani uliompeleka redioni; naanza kuhisi kwamba haumo, na kwamba hilo alilitafuta mahali pengine, akiwa tayari amekwisha kuyajua haya yote.